Kutoka Mtumwa hadi Siti: Jina la Binti Saad na Jina la Babu Yangu

Mwaka 1979, wiki chache kabla ya kuripoti chuo cha ualimu, nilisimama mbele ya hakimu nikaapa kwamba mimi na mtu aliyetajwa katika vyeti vyangu vya shule ni mtu mmoja. Hati ya kiapo ilikuwa ya ukurasa mmoja tu. Ilieleza kwamba tangu siku ile jina langu la tatu halitakuwa Mtumwa, ambalo ni jina la babu yangu mzaa baba, bali litakuwa Abdallah. Usiku kucha nilikuwa nimeandaa maelezo ya kumpa hakimu, lakini hakuniuliza kitu. Aligonga muhuri, nikalipa ada, nikatoka nje nikiwa mtu mwingine.

Msomaji aliyewahi kuitwa kwenye mahudhurio ya asubuhi ataelewa bila kuelezwa sana. Mwalimu alipokaribia jina langu, darasa zima lilinyamaza likingoja. Mmoja wa wenzangu alizoea kuniuliza bwana wangu ni nani. Mwingine aliniuliza bei. Walikuwa watoto, nami nilikuwa mtoto, na wala siwalaumu leo. Lakini jina lile nililibeba kama mtu abebavyo gunia linalovuja, kila hatua likiacha alama nyuma yake.

Baadaye nikawa mwalimu wa Kiswahili katika shule za sekondari, na katika kazi hiyo nilikutana mara nyingi na Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert. Nilikipenda, na kila nilipokisomesha nilisimama kwa fahari mahali palepale: binti aliyezaliwa akaitwa Mtumwa, akafa akiitwa Siti. Niliwaambia wanafunzi kwamba huo ulikuwa ushindi. Sikuwaambia kwamba mwalimu wao naye alikuwa na ushindi wake mdogo, umekunjwa ndani ya bahasha sandukuni.

Bahasha hiyo ilibidi ifunguliwe nilipostaafu. Karatasi za mafao zilikuwa na majina mawili, la vyeti vya utotoni na la ajira, na karani aliyekuwa akizipitia alisoma yote mawili kwa sauti mbele ya foleni ya watu. Nilipotoka pale niliamua kufanya jambo ambalo ningelifanya miaka 40 kabla: kuyauliza majina haya yanasema nini. Nikaanza na la Siti, kwa kuwa la mtu mwingine ni rahisi kulichungua kuliko lako.

Siti binti Saad alizaliwa kijijini Fumba, kusini mwa Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, mama yake Uzigua, na wote wawili walitoka katika tabaka la watumwa. Tuupime mwaka huo. Mkataba wa 1873, uliotiwa saini na Seyyid Barghash kwa shinikizo la Waingereza, ulikuwa umefunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Hata hivyo, kumiliki mtumwa kulibaki halali hadi mwaka 1897, na masuria walisubiri hadi 1909. Mtoto yule alizaliwa katikati: mnada umefungwa, lakini minyororo ya sheria haijakatwa. Katika hali hiyo akaitwa Mtumwa.

Watumwa wa pwani yetu hawakuitwa ovyo ovyo. Palikuwa na aina ya majina yaliyowaangukia zaidi. Yapo ya siku, kama Juma na Hamisi, ingawa hayo waungwana nao waliyatumia. Yapo ya vito na vitu vya thamani: Almasi, Feruzi, Marjani. Yapo ya heri na bahati: Mabruki, Baraka, Faraji. Mwenye mali huita mali yake kwa jina linalompendeza yeye, na hakuna linalompendeza zaidi ya kito au bahati. Wasafiri wa Kizungu waliopita bara na misafara ya karne ya 19 waliyajaza majina hayo vitabuni mwao, maana ndiyo yaliyokuwa ya wapagazi na wanyapara wao. Ajabu ni kwamba majina hayo hayaumi. Almasi ni jina zuri hadi leo, na anayeitwa Baraka hakuna anayemuuliza bei. Lililouma ni hili moja lililotaja hali yenyewe bila kuipaka rangi.

Sasa tuliingie neno lenyewe, kwa kuwa hapa ndipo nilipopata mshangao wangu wa kwanza. Mtumwa limetokana na kitenzi tuma: tuma, tumwa, mtumwa. Kwa sarufi tupu ni mtu aliyetumwa, wala hakuna zaidi. Mnyororo, mnada na kiboko havimo ndani ya mzizi. Historia ndiyo iliyoviweka. Kando yake lipo neno Mtume, lenye mzizi uleule. Kiswahili kina namna ya zamani ya kuunda nomino kutokana na vitenzi kwa kuweka irabu e mwishoni, na nomino hizo hubeba maana ya kutendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mshinde ni aliyeshindwa. Basi mtume naye ni aliyetumwa. Mtume na mtumwa ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kapanda mimbari na mwingine kashikishwa jembe.

Nilidhani huo ni mchezo wangu wa mwalimu mstaafu asiye na kazi, mpaka nilipozirudia tenzi za kale za pwani ya kaskazini, zile za lahaja ya Kiamu. Humo Mtume Muhammad hutajwa kwa neno Tumwa, na hutajwa hivyo kwa mapenzi na heshima kubwa. Nilikuwa nimelisoma neno hilo nikiwa mwanachuo, nikalieleza darasani kwa miaka mingi, nikaliandika ubaoni na tafsiri yake pembeni. Hata siku moja sikuliona kuwa ni jina la babu yangu limepungukiwa na m moja.

Turudi Unguja. Binti wa Fumba alikuwa akiuza vyungu, akivibeba kutoka shamba na kuvitembeza mjini huku akivinadi kwa sauti ambayo, kwa masimulizi, watu waliisikia kutoka mbali. Karibu na mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alijifunza kuimba kwa mpango na ala, akajiunga na wanamuziki wenzake, na taarabu ambayo tangu enzi za Seyyid Barghash ilikuwa ya jumba la kifalme na ya lugha ya Kiarabu ikaanza kusikika kwa Kiswahili katika nyumba za Ng'ambo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Hayo yanajulikana na sitayarefusha.

Ninalotaka kulishika ni jina alilopewa ukubwani. Vijana wa siku hizi wakisikia siti hufikiria kiti cha basi, na nimewahi kusahihisha insha iliyodai kwamba aliitwa hivyo kwa sababu alipenda kukaa mbele. Siti ya mwimbaji wetu ni ya Kiarabu, sitt, yaani bibi mwenye heshima. Umm Kulthum wa Misri aliitwa na wapenzi wake kwa neno hilohilo, na katika nchi za Indonesia na Malaysia Siti ni miongoni mwa majina ya kike yanayopatikana kila mtaa. Wanazuoni wa lugha hulieleza kuwa ni mkato wa sayyidati, bibi yangu mtukufu. Sisi wa pwani tulikuwa na letu la kufanya kazi hiyo, ambalo ni Mwana: Mwanaisha, Mwanahamisi, Mwana Kupona. Mwana hapa si mtoto, ni bibi wa nyumba. Kwa hiyo aliyeitwa mwenye kutumwa akaitwa mwenye kutuma. Jina lilipinduliwa juu chini kama chungu.

Lakini si hilo tu. Jina kamili ni Siti binti Saad, na Saad nalo ni la Kiarabu, sa'd, lenye maana ya bahati njema. Katikati yake imo herufi ain, ambayo koo za Waswahili hazikuikaribisha. Tumebaki na alama yake katika irabu mbili, kama tunavyoziona katika Saad na Shaaban. Mzizi huohuo umezaa Saidi, Masudi na Saada. Ni jina la heri, la kundi lilelile la Mabruki na Faraji nililolitaja juu.

Sasa ninamwomba msomaji aandike kwenye karatasi majina mawili, moja chini ya jingine. La juu ni Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliyehamishia makao yake Unguja, akastawisha mashamba ya mikarafuu yaliyolimwa na watumwa, na akafa baharini mwaka 1856 akiwa njiani kurudi Unguja. La chini ni Siti binti Saad. Seyyid na Siti ni mzizi mmoja, ule wa ubwana na utukufu. Said na Saad ni mzizi mmoja, ule wa bahati, na ndio huohuo uliomo katika jina la ukoo wa Albusaidi. Aliyekuwa na mashamba na binti wa waliolima mashamba wamesimama ndani ya mizizi miwili ileile, mmoja kwa umbo la kiume na mwingine la kike. Tofauti pekee iliyobaki ni kile kijineno cha kati, binti.

Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza niliinuka kitini. Sidai kwamba waliompa jina la Siti walikaa na kamusi wakapanga hivyo. Majina hayaendi namna hiyo. Nadhani walimpa neno la heshima lililokuwa midomoni mwa watu, na la baba lilikuwapo tayari. Lakini Unguja ile ilikuwa mji wenye masikio. Mtu aliyezoea kusikia Seyyid Said ikitajwa katika dua na hadithi hakuweza kukosa mwangwi wake aliposikia Siti Saad ikitajwa kwenye santuri.

Na neno binti si dogo kama linavyoonekana. Mtumwa wa pwani mara nyingi aliandikwa na kutajwa kwa jina moja na la mwenyewe: Feruzi wa fulani. Kuwa bin au binti ni kusema una baba, na kwamba baba huyo ana jina linalostahili kushikwa. Waliopata uhuru wakiwa hawamjui baba, au hawataki kumtaja, waliweza kuandikwa bin Abdallah, kwa kuwa kila mwanamume wa Kiislamu kwa maana pana ni Abdallah. Binti wa Fumba hakufanya hivyo. Alipobadilika jina la kwanza, la pili hakuligusa. Saad wa Unyamwezi alibaki palepale, akaenda Bombay, akachapwa kwenye karatasi ya duara katikati ya santuri.

Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumkumbusha alikotoka, kwamba ni mtu wa shamba asiye na sura wala nasaba. Alijibu kwa wimbo wake, ambao hoja yake ni kwamba uzuri na nasaba si kitu mbele ya akili. Wasomi wengi wameyaandika hayo. Mimi naongeza jambo moja dogo: hata waliomkashifu, walipofungua vinywa kumkashifu, walimwita Siti binti Saad. Wangeweza kumwita Mtumwa. Jina jipya lilikuwa limeshika kiasi kwamba hata tusi lilipita mlangoni mwake.

Nimesema nilibadilisha jina la babu kuwa Abdallah. Nitalimaliza hilo, ingawa si jepesi. Nilipolichagua nilikuwa na miaka 20 na niliona nimechagua jina safi, la watu wenye heshima mtaani kwetu. Kila mtoto wa chuoni anajua kwamba Abdallah ni mja wa Mungu. Lakini Kiarabu hakina maneno mawili pale tulipo na mawili sisi. Neno abd ndilo hilohilo la mtumwa aliyenunuliwa. Kiswahili ndicho kilichotenganisha, kikamweka mja upande wa Mungu na mtumwa upande wa binadamu. (Mja mwenyewe hakuwa na usafi huo zamani: jike lake ni mjakazi, na kazi iliyomo mle si ya jembe bali ni kiambishi cha kale cha uke, kama katika mkazamwana.) Basi nililipa ada ya mahakama, nikaapa kiapo, nikatoka Mtumwa nikaingia Mtumwa wa Mungu. Hakimu yule, kama alikuwa anajua Kiarabu, alinistahi.

Mwaka jana nilikwenda Pangani kumwona shangazi, binti wa mwisho wa babu aliye hai. Nilimuuliza baba yake aliitwaje Mtumwa. Akanieleza kwa urahisi, kama mtu aelezaye njia ya kisimani, kwamba bibi yake alizika watoto watatu mfululizo. Wa nne alipozaliwa walimpa jina la kudhalilisha ili kifo kimpite, kimwone hana thamani ya kuchukuliwa. Akaishi. Desturi hiyo ninaijua, na wako waliotupwa jaani kwa dakika moja na kuokotwa na jirani kwa sababu hiyohiyo. Nilifurahi, nakiri. Niliona nimepata jibu ambalo ningelikuwa nalo darasani ningewanyamazisha wote.

Lakini mwalimu hawezi kuacha hesabu. Kwa kauli ya shangazi babu alikuwa anatembea tayari wakati wa Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905. Amri ya Wajerumani ilisema watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka huo watakuwa huru. Waliozaliwa kabla haikuwagusa. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka 1922, chini ya Waingereza. Na kando ya Mto Pangani, juu kidogo ya mji, palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Nikamuuliza shangazi bibi yake alikuwa akifanya kazi gani. Akasema alikuwa anakata miwa. Nikamuuliza shamba la nani.

"La watu," akasema. "Na yeye alikuwa wa watu. Hivi mwanangu, wewe ulikuwa hujui?"

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimeyaweka maelezo mawili kwenye mizani nikitaka moja lishinde, ama jina la kinga ama jina la hali. Kwa shangazi hayakuwa mawili. Mama aliyekuwa mtumwa, akiwa na hofu ya kuzika tena, alimpa mwanawe jina ambalo kifo kingelidharau na mwenye shamba asingelishangaa. Hakuwa na kito cha kumvika wala bahati ya kumwombea mbele za watu. Alichukua neno alilokuwa akiitwa yeye, akamfunikia mtoto. Mtoto akaishi miaka zaidi ya 70. Alinifundisha kufuma wavu. Nilikwenda kuliapia jina lake mwaka mmoja baada ya mazishi yake, na nilisubiri kusudi.

Mafao yalitoka baada ya miezi kadhaa. Katika karatasi ya mwisho niliyotia saini yameandikwa majina yote, la ajira kwanza, kisha maneno "ajulikanaye pia kama", kisha lile la vyeti vya shule. Nakala yake nimeiweka ndani ya kitabu cha Shaaban Robert.

Jambo moja limenisumbua tangu hapo. Kwa utaratibu wetu wa majina matatu, mtu huandikwa jina lake, la baba na la babu, kisha orodha inakatika. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho katika uzao wangu kulibeba jina la Mtumwa kwenye karatasi za serikali. Wanangu wasingelibeba hata kama nisingeapa, kwa kuwa kwao angekuwa wa nne. Waungwana wa zamani walioandika bin juu ya bin juu ya bin walijua walichokuwa wakikishika. Sisi tunaandika watu watatu, wa nne anaachiwa shangazi amkumbuke, na shangazi yangu amekwisha vuka miaka 80.

Mjukuu wangu wa darasa la nne alipewa zoezi la kuandika nasaba yake kadiri anavyoweza. Alikuja nalo barazani akiwa na penseli. Alikuwa na lake, la baba yake na langu. Nikamtajia la baba yangu, akaandika. Nikamtajia la babu yangu. Akasimamisha penseli, akanitazama, akauliza kama linaanza na herufi kubwa.

Nikamwambia ndiyo, herufi kubwa.